Kitabu cha Kiingereza cha mtoto kianzie sokoni Kadutu

Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wazazi wengi wa Goma, Bukavu na Butembo wanataka watoto wao wajue Kiingereza mapema. Programu ya serikali inakiweka kwenye sekondari, lakini shule kadhaa za watu binafsi zinakianzisha tangu msingi. Mzazi analipa dola na kununua kitabu. Mtoto anarudi nyumbani akikariri "I am, you are, he is", lakini ukimwuliza jina lake kwa Kiingereza, anakutazama tu.

Tusimlaumu mtoto. Tukichunguze kitabu chake.

Mtaalamu Mswisi Jean Piaget alieleza kwamba mtoto wa miaka 7 hadi 11 hufikiri kupitia vitu anavyoviona na kuvishika. Kufikiri kwa kanuni tupu huja baadaye. Kitabu kinachomfungulia mtoto wa miaka 8 jedwali la vitenzi ni kitabu cha mtu mzima kilichopunguzwa kurasa. Na kikimwonyesha treni za chini ya ardhi za London, anabeba mizigo miwili: neno asilolijua na kitu asichowahi kukiona.

Mtoto wetu ana jambo lingine pia: anasoma kwa Kifaransa. Maneno "table", "orange" na "six" huandikwa sawasawa katika lugha zote mbili. Akiyaona ubaoni kabla ya kuyasikia, atayatamka Kifaransa. Kwake sikio litangulie, kalamu ifuate.

Njia zipo. Tangu miaka ya 1960, Mmarekani James Asher alitetea njia ya mwalimu kutoa amri na wanafunzi kutenda: simama, kaa, fungua mlango. Haihitaji umeme, na hata darasa la watoto 60 linaweza kuifuata. Ongeza ndizi, avoka na sambaza za soko la Kadutu: watoto wahesabu, wauze, wanunue kwa Kiingereza.

Wengine watasema kitabu cha namna hiyo kitamfungia mtoto Kivuni. Hapana. Aliyejifunza kuuliza bei ya ndizi anajua kuuliza bei ya chochote, hata Kampala. Wengine watasema walimu wenyewe hawakitamki vizuri. Ni kweli kwa baadhi yao. Basi kitabu kiambatane na sauti zilizorekodiwa, ambazo mwalimu atazifungua kwenye simu yake.

Nani atayaandika haya? ISP zetu, kama ile ya Bukavu, zinaandaa walimu wa Kiingereza, na kila mwanafunzi huandika kazi ya mwisho wa masomo. Kazi nyingi huishia kabatini. Kwa nini baadhi ya hizo zisiwe masomo kumi ya watoto, yaliyojaribiwa darasani, mbele ya watoto wenyewe? Wakiyachoka, mwandishi ayaandike upya. Watoto hawajui kumsifu mwandishi kwa adabu.