Korea wanaogopa bunduki isije, sisi tumekwisha kuizoea

Hapa Butembo vijana wamekuwa wakiongelea filamu moja ya Korea ya Kusini inayoitwa Trigger. Ni filamu ya mfululizo, yenye sehemu 10, iliyotoka kwenye Netflix tarehe 25 Julai 2025. Wachache huku kwetu wanalipa Netflix. Wengi wanaipata kwa wale vijana wenye ordinateri wanaojaza filamu kwenye fleshi. Mimi niliitazama kwa jirani, tukiwa watu kumi na wawili hivi katika sebule moja, siku ambayo umeme ulikubali. Ninaandika leo kwa sababu ya jambo lililotokea katika sebule ile.

Kwanza niwaeleze habari yenyewe. Korea ya Kusini ni nchi ambamo raia hana bunduki. Hata mwindaji mwenye ruhusa anaiacha silaha yake kwenye kituo cha polisi, na anaichukua pale tu anapokwenda kuwinda wakati wa msimu. Katika filamu, mtu fulani anaanza kutuma bunduki kwa siri, ndani ya vifurushi vya kawaida kama vile vya nguo na viatu. Anatuma kwa watu walioonewa: mwanafunzi mzima anayeishi katika chumba kidogo kama sanduku akijiandaa kwa mtihani wa kazi ya serikali, muuguzi anayenyanyaswa na wenzake hospitalini, watoto wa shule wanaopigwa na wenzao, mama aliyempoteza mtoto wake kazini na hakuna mkubwa anayemsikiliza. Hawatozwi pesa. Anayezitoa anajua kwamba hasira yao itafanya kazi iliyobaki. Polisi anayefuatilia kesi hiyo, Lee Do, anaigizwa na Kim Nam-gil. Mtu mwenye kuzileta silaha, Moon Baek, anaigizwa na Kim Young-kwang.

Sasa, jambo la sebuleni. Kila mara mmoja wa wale wanyonge alipoishika bunduki na mtesi wake akaanza kutetemeka, vijana walipiga makofi. Wengine walisimama. Mimi pia, sitaki kudanganya, moyo wangu ulifurahi. Halafu kijana mmoja motari akasema: "Papa, huyu Mkorea alingojea kifurushi. Hapa kwetu ni kujua tu mtu wa kuuliza." Watu wakacheka. Nami nikacheka. Lakini nilipofika nyumbani kicheko kile kilinikaa vibaya.

Wako wasomaji watakaosema kwamba ile ni filamu tu, na kwamba mambo ya Korea hayatuhusu. Ninawaomba wavumilie kidogo, kwa sababu hasira inayoonyeshwa pale haikutungwa. Wakorea wana jina la ugonjwa unaotokana na hasira iliyomezwa kwa miaka mingi. Wanauita hwabyeong, ni kusema ugonjwa wa moto. Mgonjwa anasikia joto kifuani, anakosa pumzi, anahisi kitu kimemkwama kooni. Hata mateso ya wauguzi wapya yana jina lake kule, taeum, neno linalotokana na kuchoma moto. Na yule mama wa kwenye filamu analia kilio ambacho nchi ile inakijua. Mwaka wa 2018, kijana wa miaka 24 aitwaye Kim Yong-gyun, mfanyakazi wa kampuni ndogo iliyopewa kazi na kampuni kubwa, aliuawa na mashine ya kusafirisha makaa ya mawe katika kiwanda cha umeme cha Taean. Mama yake hakukamata silaha. Alisimama mbele ya wakubwa, alikesha, aligoma kula, akisaidiana na wazazi wengine, hadi mwezi wa Januari 2021 bunge lilipopitisha sheria ya kuwaadhibu wakubwa wa kampuni wanapowaacha wafanyakazi wafe kwa uzembe.

Kwa hiyo hasira wanayo. Kitu wasichonacho ni bunduki karibu na mkono. Na tofauti hiyo inapimwa kwa idadi ya makaburi.

Tazameni mifano miwili ya kweli. Tarehe 21 Julai 2023, katika mtaa wa Sillim, Seoul, mwanaume mmoja mwenye kinyongo na dunia alitoka na kisu akawashambulia watu njiani. Alimwua mtu mmoja na kuwajeruhi watatu kabla ya kukamatwa. Ni msiba mkubwa, na nchi nzima ilitetemeka. Lakini rudini nyuma hadi mwezi wa Aprili 1982, katika wilaya ya Uiryeong. Polisi mmoja kijana, Woo Bum-kon, aligombana na mwanamke aliyekuwa akiishi naye. Inasimuliwa kwamba ugomvi ulianza kwa sababu ya nzi: mwanamke alimpiga nzi aliyetua kifuani mwa mwanaume akiwa amelala. Nzi tu, ndugu zangu. Lakini mtu yule alikuwa na njia ya kuingia kwenye ghala la silaha la kituo chake. Alichukua bunduki na mabomu ya mkono, akazunguka kijiji kwa kijiji usiku kucha. Kulipopambazuka, watu zaidi ya hamsini walikuwa wamekufa, naye akajilipua.

Tunaweza kubishana ni nani kati ya wale wawili alikuwa na hasira zaidi. Hesabu ya waliokufa haina ubishi. Mwenye kisu anaweza kukimbiwa, anaweza kuchoka, jirani anaweza kumrushia kiti. Bunduki haimpi mtu nafasi hiyo. Na mwenyewe haimpi nafasi ya kujuta kabla.

Mimi naona hapo ndipo penye somo la Trigger. Katika filamu, tunajulishwa kwamba Lee Do alipokuwa mtoto familia yake iliuawa, naye akaikamata bunduki ili alipize. Mtu mzima mmoja akazungumza naye mpaka akaishusha. Mtoto yule ndiye aliyekuja kuwa polisi mwenye kuwashawishi wengine waishushe. Kilichomwokoa ni dakika chache na mtu aliyekubali kukaa naye ndani ya dakika zile. Muuguzi na mwanafunzi wa mtihani hawakupata mtu wa namna hiyo mapema. Walipopata silaha, muda ulikuwa umekwisha.

Nina lawama pia kwa waliotengeneza filamu hii. Wamemweka mtu mmoja mbaya nyuma ya kila kitu, kana kwamba akikamatwa yeye nchi itapona. Tena wanatufurahisha kwanza na kisasi, kisha wanataka tuogope. Vijana wengi wanabaki na ile furaha ya kwanza, hawangojei somo. Na maisha hayakuhitaji Moon Baek. Tarehe 20 Julai 2025, siku tano tu kabla ya filamu kutoka, mzee wa miaka ya sitini kule Songdo, Incheon, alimwua mtoto wake mwenyewe kwa bunduki aliyoitengeneza kwa mikono. Baadhi ya shughuli za kuitangaza filamu zikafutwa. Kwao lile lilikuwa jambo la kushtua hata likasimamisha sherehe.

Sisi je, ni nini kinachotushtua bado? Tangu mwezi wa Mei 2021 jimbo letu la Kivu ya Kaskazini liko chini ya utawala wa kijeshi. Vita vimezaa makundi, makundi yamezaa silaha, na silaha hazirudi ghalani mapigano yanapotulia. Zinalala chini ya vitanda. Siku ya ugomvi wa shamba, wa deni au wa mwanamke, zinaamka. Asubuhi tunasema "watu wenye silaha wasiojulikana", nasi tunaendelea na chai. Mara ngapi aliyefanya alijulikana vizuri sana kwenye avenyu yake, na kinyongo chake kilijulikana pia?

Serikali ina programu ya kuwanyang'anya silaha wapiganaji na kuwarudisha katika maisha ya raia, iliyoanzishwa mwaka wa 2021. Kabla yake, kule Katanga, mchungaji Ngoy Mulunda na shirika lake walikuwa wakibadilisha bunduki kwa baiskeli. Mimi nayaunga mkono mambo haya, hata pale yanapokwenda polepole. Lakini anayeleta silaha yake ana kisa kilichomfanya aichukue. Usipomwuliza shamba lake lilikwenda wapi, au nani alimwua kaka yake, atapanda baiskeli yako kwenda kutafuta bunduki nyingine. Na wewe shefu wa kartiye, mchungaji, mwalimu, ukisikiliza kisa chote huku bunduki ikiwa bado chini ya kitanda, unasikiliza kwa haraka, maana hujui una siku ngapi. Kazi hizi mbili lazima ziende pamoja.

Kwa wazazi ninaomba jambo dogo zaidi. Msiwakataze watoto kuitazama filamu hii, watazameni pamoja nao. Wakipiga makofi, waulizeni ni nani anayewaonea. Mimi nilirudi kwa jirani siku mbili baadaye, nikamkuta yule kijana motari, nikamwuliza alikuwa akimfikiria nani alipocheka. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akaniambia habari ya mtu aliyechukua moto yake ya mkopo kwa nguvu na kukataa kuirudisha, na ofisi tatu alizopita bila kusikilizwa.

Hana bunduki, nami nimemwamini. Wiki hii tunakwenda naye kwenye ofisi ya nne.