EMILY SI KUFULI, ENYI MAKOCHA WA MAPENZI!

Kuna kaka mmoja mjini, kocha wa mahusiano wa kujipa cheo mwenyewe, ana wafuasi kibao na kila wiki anauza "mistari ya kumnasa demu ndani ya siku tatu". Juzi kati kaibuka kuuponda mchezo wa kompyuta unaoitwa Emily is Away. Eti ni mchezo wa mafala, kwa sababu hata ufanyeje hushindi. Mashabiki wake wakashangilia, na wengi hata hawajaufungua.

Haya, ukweli ni huu. Mchezo huo aliutengeneza Kyle Seeley wa Marekani, ulitoka 2015 na ni wa bure. Humo hakuna bunduki wala magari. Kuna Windows XP na dirisha la kuchati la kizamani, lile la enzi za AOL. Unachati na Emily kuanzia mwaka wa mwisho wa sekondari, 2002, hadi 2006 mkiwa chuo. Akiandika, unapewa majibu matatu, unachagua moja. Unasoma alichoweka kwenye profaili yake, unaanza kujiuliza: hicho ni kijembe au ni wimbo tu? Mambo yale yale ya status za WhatsApp.

Katikati Emily anataka kuja kukutembelea. Ukimkaribisha, baadaye anakwambia anahisi ulimtumia akiwa na machungu yake. Usipomkaribisha, mnabaki na ile ya "ingekuwaje". Mwishoni ndiyo balaa: unaandika neno la maana, linafutwa mbele ya macho yako, inatumwa stori ya juujuu. Hapo ndipo kocha analia kaonewa.

Kaonewa wapi? Nani hajawahi kuandika gazeti zima saa nane usiku, akafuta, akatuma "mambo"? Mchezo haujamsingizia mtu.

Kocha anauchukia kwa sababu unamharibia biashara. Yeye anauza imani kwamba msichana ni kufuli, ukipata ufunguo anafunguka. Emily si kufuli. Ana Brad wake, ana siku zake mbaya, na ana haki ya kuondoka hata kama ulimjibu vizuri.

Mistari ya kocha haina nafasi ya "hapana". Sasa kijana katoa hela yake, kakariri, katuma, kakataliwa. Hamlaumu kocha, anamlaumu dada wa watu! Yanafuata matusi inbox, skrinishoti za chati zinazungushwa kwenye magrupu, dada anaitwa majina anaogopa hata kuposti picha. Hapo nani fala?

Ni kweli, mchezo una upungufu wake. Emily unamwona kwa jicho la upande mmoja, na majibu matatu hayawezi kumbeba mtu mzima. Lakini angalau haumdanganyi kijana kwamba moyo wa mtu unanunuliwa kwa M-Pesa.

AOL walizima huduma yao ile ya kuchati Desemba 2017. Tabia ya kuandika na kufuta haijazimwa, ipo kwenye kila simu. Kocha awarudishie vijana hela zao, halafu akae na Emily nusu saa tu. Akishindwa, asitunge mstari mwingine. Akubali kaambiwa hapana, alale.