Mshindi wa UMITASHUMTA si bingwa wa kesho

Mbio za UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, wilayani Mbulu na Hanang hupima zaidi nani amebalehe mapema. Hoja kwamba kocha akikaa pembeni mwa uwanja alasiri moja atamtambua bingwa haina mashiko. Mtoto wa miaka 13 aliyewahi kurefuka humshinda mwenzake kwa miguu, si kwa mapafu. Wenzake wakibalehe, pengo hilo aghalabu hufifia. Ubingwa wa kweli huonekana ukubwani: Gidamis Shahanga wa Hanang alitwaa marathoni ya Jumuiya ya Madola, Edmonton, 1978, kisha mita 10,000, Brisbane, 1982. Gabriel Geay wa Mbulu alikuwa wa pili katika marathoni ya Boston 2023, akiwa na miaka 26. Kocha makini huandika tarehe ya kuzaliwa, urefu na muda wa kila msimu, kazi isiyohitaji jicho la ajabu.