Eti Kamera Haibagui

Tangu mitihani ya vyuo vikuu ihamie mtandaoni mwaka 2020, wanaotetea programu za kuwasimamia watahiniwa kwa kamera wana majibu yaleyale kila wakiulizwa habari za wanafunzi weusi.

Wanasema kompyuta haijui rangi ya mtu. Sawa, lakini inajua sura ilizofundishwa. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu za kampuni tatu kwa picha za wabunge wa nchi sita, wa Rwanda na Senegal wakiwemo. Kazi ilikuwa kutaja tu kama huyu ni mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, programu moja ilikosea asilimia 34.7. Hizo hazikuwa programu za mitihani, ni kweli. Basi anayeuza ya mitihani atuonyeshe kwamba yake imepona ugonjwa huo.

Asiyeonekana awashe taa, wanaongeza. Robin Pocornie, mwanafunzi wa Vrije Universiteit jijini Amsterdam, aliiwasha. Alieleza kwamba Proctorio, programu ya kusimamia mitihani iliyotumiwa na chuo hicho, ilishindwa kuuona uso wake mpaka akafanya mtihani huku taa ikimmulika usoni. Mtihani una dakika zake. Zilizoliwa na kuhangaika na taa, nani anazirudisha?

Hapo hujibiwa kwamba Pocornie alilalamika kuwa amebaguliwa, na malalamiko yake yakagonga mwamba. Hili nalo lisemwe lote. Desemba 2022 Taasisi ya Haki za Binadamu ya Uholanzi iliona dalili za kutosha kudhani kuna ubaguzi, ikakitaka chuo kithibitishe vinginevyo. Oktoba 2023 ikakubali maelezo ya chuo: kumbukumbu za mitihani ya Pocornie hazikuonyesha kwamba tatizo ni rangi yake. Lakini ilikilaumu chuo kwa jinsi kilivyoyashughulikia malalamiko yake. Na kumbukumbu za mwanafunzi mmoja si cheti cha usalama kwa kila uso mweusi, ingawa ndivyo zinavyotumiwa sasa.

Lililobaki ni kwamba bila kamera wote wataiba mitihani. Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, kilitangaza mapema 2021 kwamba kinaachana na Proctorio, na bado kinatunuku shahada.