Deni la Msimamizi

Katika fomu ya OPRAS, ambayo kwa karibu miaka 20 ndiyo iliyotumika kupima kazi za watumishi wa umma wa Tanzania, palikuwa na safu moja nyembamba, ya mwisho katika jedwali la makubaliano, ambayo aghalabu iliachwa tupu, au ilijazwa maneno mawili matatu yasiyo na uzito, mfano wa "karatasi na kalamu". Safu zilizotangulia zilibeba ahadi za mtumishi: malengo yake ya mwaka, shabaha alizojiwekea, na vigezo ambavyo kwavyo angehukumiwa kuwa ametimiza au amepunguka. Safu hiyo ya mwisho iliitwa rasilimali zilizokubaliwa, nayo ilikusudiwa kubeba ahadi ya upande wa pili, yaani fedha, vyombo, usafiri na wasaidizi ambao mkubwa wa kazi alijifunga kumpatia mdogo wake ili ayaweze yale aliyotakiwa ayaweze. Rai yangu ni kwamba katika utupu wa safu hiyo ndimo ulimopotelea uadilifu wa mpango mzima, na kwamba mpango wowote utakaofuata, uandikwe kwenye karatasi au kwenye kompyuta, utapatwa na ajali ile ile maadamu deni la msimamizi halijaandikwa mahali penye kusomeka.

Haitakuwa insafu kuubeza mpango huo kabla ya kukumbuka ulikuja kuondoa nini. Kabla ya mwaka 2004 mtumishi wa serikali alipimwa kwa taarifa ya siri. Mkubwa wake aliketi peke yake, akaandika alivyomwona, akafunga bahasha, na bahasha ikaenda zake masijala ya siri bila ya mwandikwa kujua kama amesifiwa au ametiwa doa. Na mtu aliweza kukaa daraja moja mwaka baada ya mwaka, wenziwe wakimpita mmoja mmoja, asijue kama taksiri yake ni uvivu, au ni ulimi wake, au ni ile siku moja aliyokataa kutumwa sokoni kwa ajili ya nyumba ya bwana mkubwa. Hukumu ya namna hiyo ilimnyima asiye na kosa nafasi ya kujitetea, na mwenye kosa la kweli ilimnyima nafasi ya kujirekebisha, kwa kuwa hakuambiwa la kurekebisha.

Kwa hiyo ulipotoka waraka wa mwaka 2004 ulioamuru upimaji wa wazi, chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, lilikuwa jambo la kushukuriwa. Mtumishi na msimamizi wake walitakiwa wakae pamoja mwanzoni mwa mwaka wa fedha, mwezi wa Julai, wakubaliane malengo. Wakutane tena Desemba wayatazame yamefika wapi. Na Juni wafunge hesabu. Katika sehemu ya alama, zilizoanza na 1 ambayo ndiyo bora na kuishia 5 ambayo ndiyo duni, paliachwa nafasi tatu: ya alama ambayo mtumishi amejipa mwenyewe, ya alama aliyopewa na msimamizi, na ya alama waliyokubaliana; na paliachwa pia mahali pa mwangalizi wa kushuhudia, kama yupo. Ni wachache, nadhani, walioisoma fomu hiyo kwa utulivu wakatambua ujasiri uliomo ndani yake. Karani wa daraja la chini kabisa alipewa, kwa maandishi ya serikali yenyewe, haki ya kumwambia mkuu wake uso kwa uso kwamba alama hii siikubali, na sababu zangu ni hizi.

Yaliyotokea baadaye anayajua kila aliyewahi kuwa na meza katika halmashauri. Juni ilipokaribia kwisha, afisa utumishi alibandika tangazo kwamba fomu zinatakiwa, na kwamba pasipo fomu hakuna kupanda daraja. Basi malengo yaliyopaswa kuandikwa Julai iliyopita yaliandikwa siku hiyo, pamoja na mapitio ya Desemba na hesabu ya mwisho, kwa mkono mmoja na wino mmoja, mara nyingi kwa kunakili fomu ya jirani, hata ikawezekana mwalimu wa hisabati kujikuta ameahidi kwa sahihi yake shabaha za mwalimu wa historia. Msimamizi alitia sahihi akiwa amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi, na alama zikatoka njema kwa wote: mchapakazi 2, mzembe 2, na yule ambaye hakuonekana kazini tangu Pasaka naye 2.

Wengi waliolitazama jambo hili waliulaumu uvivu wa watumishi, na wengine waliilaumu fomu kwa urefu wake. Mimi nailaumu safu tupu. Msimamizi aliyejua moyoni kwamba hakumpa bwana shamba pikipiki wala mafuta ya kuwafikia wakulima wa vijiji alivyopangiwa, angethubutuje kumwandikia 5 kwa kutowafikia, ilhali aliyetangulia kuvunja ahadi ni yeye mwenyewe? Alama njema aliyoitoa ilikuwa njia ya kulipa deni kwa sarafu isiyomgharimu kitu, na mtumishi aliipokea kwa kuwa ilimfaa kuliko ugomvi. Katika sulhu hiyo waliodhulumiwa ni wawili ambao hawakuulizwa: mtumishi hodari, ambaye jasho lake lilipewa thamani ile ile ya usingizi wa mwenziwe, na mkulima, ambaye bwana shamba hakumfikia. Wala msimamizi naye hakuwa huru kuahidi. Fungu lake la matumizi mengineyo lilimjia pungufu, au lilimjia Mei, mwezi mmoja kabla ya mwaka kufungwa, kwa hiyo deni lake lilikuwa na mdaiwa mwingine juu yake, na juu ya huyo mwingine, mpaka Hazina. Fomu ilimpima aliye chini kabisa ya ngazi hiyo, ikawaacha wa juu yake na sifa zao.

Kuna wakati ambapo taifa lilichoshwa na ulegevu huu likatamani ukali, na ukali ukaja. Novemba 2015, siku chache baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli aliingia Hospitali ya Taifa ya Muhimbili bila ya kutazamiwa, akakuta wagonjwa wamelala sakafuni na mashine kubwa za uchunguzi, MRI na CT-Scan, hazifanyi kazi. Siku hiyo hiyo kaimu mkurugenzi aliondolewa na bodi ikavunjwa, na haikupita mwezi mashine zilizokuwa zimenyamaza zikaanza kutumika, na fedha zilizochangwa kwa hafla ya wabunge zikaelekezwa kununua vitanda. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, maana mgonjwa aliyelala chini hana wasaa wa kusikiliza falsafa ya utawala. Walakini mtu mwenye kutafakari hakosi kujiuliza swali moja. Ikiwa vitanda viliweza kupatikana kwa kugeuza matumizi ya karamu moja, na mashine ziliweza kutengenezwa ndani ya wiki chache baada ya neno la mkubwa, basi aliyekuwa amepunguka kabla ya siku ile ni nani: ni mkurugenzi aliyekosa kuomba, au ni walioombwa wasitoe? Jawabu lingeweza kuwa hili au lile, au yote mawili kwa pamoja. Hatukulipata, kwa kuwa hapakuwa na daftari lililoandika nini kiliombwa, lini, na nani alikataa; na pasipo daftari hilo kumwondoa mtu ni rahisi kuliko kuthibitisha kosa lake.

Mkasa wa vyeti una sura ile ile, ingawa kosa lenyewe halina shaka. Tarehe 28 Aprili 2017, huko Dodoma, ilikabidhiwa taarifa ya uhakiki iliyotaja watumishi 9,932 kuwa wameajiriwa kwa vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Kughushi ni jinai, na sina utetezi wa kumpa aliyeghushi. Lakini miongoni mwao walikuwamo waliotumikia umma miaka mingi, wakapandishwa vyeo, na kazi zao zikapimwa na kusifiwa, na ilipita miaka mitano hata, mwaka 2022, serikali ikaridhia warejeshewe michango yao waliyokatwa katika mishahara kwa ajili ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Huo ni uungwana, nao umestahili kupongezwa. Bado nangoja kusikia habari za wale waliowapokea: maofisa walioletewa cheti wasikitazame, au wakakitazama wakafumba macho kwa sababu wanazozijua wao. Cheti cha kughushi hakiingii masijala kwa miguu yake.

Historia yetu inao mfano wa wajibu uliodaiwa kutoka chini kwenda juu. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971, katika ibara yake ya 15, uliwakataza viongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu, na wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waliisoma ibara hiyo wakaamini kwamba imeandikwa kwa ajili yao. Kwa muda wa miaka miwili walisimamisha kazi mahali pengi, na mara nyingi sababu haikuwa mshahara, ilikuwa matusi ya meneja, au upendeleo wake, au matumizi yake mabaya ya mali. Wengine waliwafungia mameneja nje ya lango, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakakishika kiwanda chenyewe. Serikali ilistahimili mwanzo, kisha ikachoka, ikawaambia wapite njia za kawaida, na baadhi wakapoteza kazi. Sisemi kwamba kumfungia mtu nje ni namna njema ya kumhesabu. Kiwanda hakiendeshwi kwa ghadhabu. Nasema kwamba waliofunga malango yale walifika huko kwa kukosa mahali pengine pa kuandika kasoro ya mkubwa wao, na baada ya kuondolewa langoni hawakupewa mahali hapo. Fomu iliyokuja miaka 30 na zaidi baadaye haikuwa na hata mstari mmoja wa mdogo kumpa alama mkubwa.

Kwa upande wa adhabu sheria zetu ni adilifu kuliko mazoea yetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri athibitishe mambo mawili, kwamba alikuwa na sababu halali ya kumwachisha mtu kazi na kwamba alifuata utaratibu wa haki katika kumwachisha; na mtumishi wa umma aliyeadhibiwa anazo siku 45 za kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Tume hiyo imewakumbusha waajiri mara kwa mara kwamba warufani hushinda kwa sababu mashtaka hayakuandikwa ipasavyo au mshtakiwa hakupewa nafasi ya kujieleza. Matokeo yake ni kichekesho cha uchungu: mwizi wa kweli hurudi kazini na kulipwa malimbikizo yake, kwa kuwa aliyemfukuza alitaka kuonekana mkali kuliko alivyotaka kuwa sahihi.

Sasa OPRAS imewekwa kando. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2023/24 umekuja mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza kazi zake na msimamizi huzithibitisha kadiri mwaka unavyokwenda, na pamoja nao PIPMIS wa kuzipima taasisi zenyewe. Faida yake iko dhahiri: haiwi rahisi tena kuandika mwaka mzima katika alasiri moja ya Juni. Hofu yangu ni kwamba mashine huhesabu kwa wepesi vile vinavyohesabika. Mwalimu wa shule ya kijijini mwenye darasa la watoto zaidi ya 100, na madarasa ya namna hiyo si machache, ataingiza kwamba amefundisha vipindi vyake vyote, pengine baada ya kupanda kilima kutafuta intaneti, naye atakuwa amesema kweli; lakini madaftari 100 yasiyosahihishika kwa mtu mmoja hayana pa kuonekana, wala aliyepaswa kumletea mwalimu wa pili.

Nitaambiwa kwamba kuliandika deni la msimamizi ni kumpa mzembe kisingizio, kwamba kila atakayelala atasema hakuletewa kitendea kazi. Naona kinyume chake. Mzembe ndiye anayenufaika na safu tupu, kwa sababu katika utupu huo kila udhuru una mahali pa kujificha. Siku itakapoandikwa kwamba bwana shamba aliahidiwa pikipiki na lita kadhaa za mafuta kila mwezi, na kwamba alizipokea kwa sahihi yake, hatakuwa na neno la kusema wakulima watakaposhuhudia kwamba hawakumwona. Na kama hakuzipokea, alama duni iende kwa aliyeahidi, nayo iguse kupanda kwake daraja kama ambavyo ingemgusa mdogo wake.

Basi ewe mtumishi usomaye haya, Julai ikifika ukaitwa kukubaliana malengo, usiweke sahihi kwanza. Andika kwa maneno yako unachohitaji ili uyatimize, taja idadi na mwezi, mwombe msimamizi wako atie sahihi chini yake kama unavyotia wewe, na uweke nakala yako nyumbani. Akikataa kutia sahihi, andika tarehe aliyokataa.