Mbao za Mtaro Zitiwe Katika Mkataba



Kila mwenye macho hapa Nairobi amekwisha kuona mambo haya. Leo barabara yatandazwa lami mpya, nyeusi na nzuri, na wakubwa waja kupigwa picha. Baada ya miezi michache wenye maji waja na katapila, waikata lami ile ile ili watoe bomba lililooza chini yake. Hata hawajamaliza kufukia, wenye stima nao wamefika. Mwenye gari alaumu, mwenye duka alaumu, na matusi yote humwangukia aliye karibu, yaani kibarua aliye shimoni. Sisi hatukuupanga mpango ule. Tungaliulizwa, tungalisema bomba kwanza, lami baadaye.

Lakini leo twataka kusema juu ya mtaro wenyewe.

Bomba kubwa la maji machafu hulazwa chini sana, mara nyingi mita mbili na kupita, kwa kuwa ni lazima literemke ili maji yaende yenyewe. Upande wa Eastlands udongo ni ule mweusi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, wakati wa mvua huvimba. Ukuta wa mtaro waweza kusimama wima asubuhi yote, na saa nane ukashuka ghafla. Kubadili bomba la zamani ni hatari zaidi, maana udongo wa pembeni ulikwisha kuchimbwa na kufukiwa, haushikani tena. Udongo wa mita moja kila upande una uzito wa kilo 1,500 au zaidi. Mtu akifukiwa mpaka kifuani hawezi kuvuta pumzi, hata kichwa chake kikiwa nje.

Mwenzetu mmoja alifukiwa hadi kiunoni. Tulimfukua kwa mikono, kwani tuliogopa koleo lisimkate. Alitoka na mguu uliovunjika. Nyapara alipoulizwa ziko wapi mbao za kuzuia kuta, alijibu: "Hazikuwamo katika bei."

Jibu lile lilikuwa la kweli, na ndilo linalotuudhi. Katika tenda, aombaye bei ya chini ndiye apataye kazi. Kontrakta aliyehesabu mbao hushindwa na yule asiyezihesabu. Kwa hiyo kumkemea nyapara peke yake hakutoshi. Huko Texas, Marekani, sheria yataka kwamba mtaro ukizidi futi 5, karatasi za tenda ziwe na malipo ya peke yake kwa ajili ya kuzuia kuta. Kila kontrakta aandika bei yake hapo, na hakuna afaidikaye kwa kuuficha mzigo huo. Twaitaka Kaunti na wenye maji wafanye vivyo hivyo.

Watasema fedha hazitoshi. Je, za kuikata lami mpya na kuitandaza mara ya pili zilitoka wapi?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, naye mwajiri asimlazimishe kurudi mahali pale mpaka hatari iondolewe. Ni maneno mazuri. Lakini kibarua wa siku ajiuliza: nikitoka shimoni leo, kesho nitaitwa? Twaijua hofu hiyo, wengi wetu tumelala nayo. Basi asitoke mmoja. Mtaro usio na mbao watoke wote pamoja, na mjumbe wa chama aitwe kabla mtu hajashuka tena.

Wajumbe wote wapime mitaro ya kazini kwao kwa kamba juma hili. Waandike kina chake, na kama mbao zipo au hazipo, nao walete karatasi hizo ofisini kabla ya mkutano. Tutakwenda nazo kwa wenye kutoa tenda.