Antaktika Mnaoshwa Viatu, Jipe Mnashuka na Spika!

Haya wadau, mitandao imechangamka. Kapo moja ya Dar, bidada mwenye asili ya Upareni na mwenzake wa mambo ya mitindo, wametangaza kwamba msimu ujao wanaenda kula bata Antaktika. Pengwini, barafu, jaketi jekundu, meli ya kitalii yenye kioo mpaka chini. Kila siku kuna posti ya maandalizi. Mashabiki wanamwaga makopakopa, wengine wanasema wivu hauna dawa.

Hela yao, baridi yao. Hapo hakuna wa kununa.

Na tuwape haki yao, safari ile si ya kukurupuka. Unahangaikia viza ya Argentina, unaruka mpaka Ushuaia, kusini kabisa, halafu meli inakata mlango-bahari wa Drake kama siku mbili, huku matumbo yanacheza sindimba. Msimu ni kuanzia Novemba mpaka Machi tu. Chumba cha bei ya chini ni maelfu ya dola, na bila bima ya kukutoa kule ukiugua hupandi meli. Ndiyo maana wamepanga mwaka mzima.

Ila kilichovutia wengi ni video ya bidada akisoma masharti kwa sauti ya unyenyekevu, utadhani anasoma ahadi za ndoa. Viatu vinaoshwa na kupigwa dawa kabla ya kushuka na baada ya kurudi. Mifuko ya nguo inakaguliwa isibebe hata mbegu moja. Pengwini usimsogelee chini ya mita tano. Watu wanaoshuka sehemu moja kwa wakati mmoja wasizidi 100, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Droni ya kujifurahisha, hapana. Kwa sababu ya mafua ya ndege, hata kukaa chini upige picha hairuhusiwi. Masharti hayo yanasimamiwa na umoja wa makampuni ya utalii wa kule, IAATO, ulioanzishwa 1991. Bidada akamalizia, "Lazima tuheshimu mazingira ya watu." Makofi.

Sasa turudi nyuma kidogo, Desemba iliyopita. Kapo hiyo hiyo ilipanda kwao Upareni kusalimia wazee, na siku ya pili ikashuka Ziwa Jipe. Jipe lipo wilaya ya Mwanga, chini ya Milima ya Pare Kaskazini. Ukitoka Same unaelekea Moshi, kisha unaacha lami. Ng'ambo ya maji ni Kenya, na hifadhi ya Tsavo Magharibi inaanzia pale pale.

Je, walipanga? Wapi! Gari tatu, spika mbili, watu kumi na kitu, saa saba mchana jua la utosi. Ofisi ya kijiji hawakupita. Shikamoo hakuna. Mzee mmoja mvuvi alikuwa anashona wavu wake, akaambiwa, "Oya mzee, sogeza huo mtumbwi tupige picha." Wakapanda wanne bila jaketi la kuokolea hata moja, kwenye ziwa lenye viboko na mamba. Droni ikapita juu ya matete, ndege wote wakatimka. Mzee akaachiwa elfu tano na chupa tupu za maji. Video ikaenda mjini na maneno haya: "Kijijini kwetu, hakuna sheria."

Hapo ndipo kwenye kesi yenyewe. Mtu anayejua kunyamaza mbele ya pengwini, anashindwaje kumwamkia mzee wa kwao?

Watetezi wao wana jibu: Antaktika ni dhaifu, Jipe ni bwawa tu la matete. Hilo ni jibu la mtu ambaye hajasoma kitu. Jipe ni ziwa la kina kifupi, kina chake ni cha mita chache tu. Udongo unaoporomoka kutoka milimani unalijaza, na mafunjo na matete yanalifunga mwaka hadi mwaka, mpaka mvuvi anatafuta njia ya kupitisha mtumbwi. Kuna perege ambaye wanasayansi walimpa jina la ziwa lenyewe, Oreochromis jipe, mwaka 1955. Makazi yake ni hapo na mto Pangani, na leo yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Pengwini wana umoja mzima wa kuwatetea. Perege wa Jipe ana yule mzee wa elfu tano.

Na kama kiu ni ya barafu inayoyeyuka, asubuhi ikiwa safi unaiona Kilimanjaro kutoka ufukweni. Kati ya 1912 na 2007, mlima huo ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Msiba uko jirani, wao wanakata tiketi ya kwenda kulia mbali.

Hakuna anayesema wasiende. Waende, wapige picha, warudi salama. Ila ule mpangilio wa Antaktika waushushe na Jipe, wala hauhitaji viza. Kwanza piga simu, ulizia hali ya barabara na mvua. Ukifika, anzia ofisi ya kijiji na wavuvi wa BMU, si kwenye maji. Bei ya mtumbwi kubalianeni kabla, iwe ya siku nzima ya kazi ya mtu, kwa sababu siku anayokubeba wewe ni siku ambayo havui. Nenda asubuhi na jaketi ulilokuja nalo, mwachie mwenye mtumbwi aamue wapi pana kiboko. Mpaka wa Kenya usiuchezee. Spika ibaki garini, chupa zirudi na mwenye nazo.

Tofauti ya safari hizi mbili wala si barafu. Kule ukivunja sharti, mzungu mwenye redio anakurudisha melini na hela yako imekwenda. Huku ukivunja, mzee anatabasamu na kusema, "Karibuni tena wanangu." Heshima inayomwogopa mwenye redio tu, hiyo ni woga.

Wadau, mnasemaje? Bidada apelekewe masharti ya Jipe kabla hajapanda meli, au tumwache kwanza akaoshwe viatu?